Alama Tisa kwa Nyasi za Ndama

Mmeniuliza wengi, kila mmoja kwa namna yake. Jirani yangu wa genge la mboga hapa Ganako aliuliza kwa upole kwa nini nimerudi siku tatu baada ya ile niliyosema nitarudi. Madereva wenzangu pale kijiweni waliuliza kwa vicheko kwa nini gari la wageni lilikuwa na kinyesi cha ng'ombe mpaka kwenye kioo cha nyuma. Nimechoka kurudia, maana kila nikisimulia mnanikatiza kwa kucheka kabla sijafika mahali pasipochekesha. Basi nimeandika. Someni mpaka mwisho, halafu mniache nipumzike.

Habari za vibali na foleni za malipo langoni naziruka. Mnazijua, na hakuna aliyewahi kuzisikiliza akabaki macho.

Karatu: uwanja wa bosi

Kwa asiyenifahamu, mimi ni Mwiraqw wa Endamarariek niliyeolewa Ganako, na huu ni mwaka wa kumi na sita naendesha watalii. Nimebeba wapiga picha wa ndege, maharusi waliogombana siku ya pili ya fungate, na mama mmoja aliyelia kila alipomwona pundamilia. Nilidhani nimemaliza aina zote za wageni. Ndipo bosi wangu, mwenye loji, akaniletea Mzee Mutiso.

Mzee Mutiso ni Mkenya, mwalimu wa hisabati mstaafu, na kwa miaka mingi alikuwa msahihishaji wa mitihani. Wazee wenzake wakistaafu hufuga kuku. Yeye aliamua kusahihisha viwanja vya gofu vya Afrika. Vyote. Anatembea na begi la fimbo zake na vibendera, viatu vyeupe vyenye meno, kifaa cha kupimia umbali, daftari gumu na kalamu nyekundu. Kila uwanja anaupa alama kati ya kumi, kisha anauweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni pamoja na ramani ya kufikia. Nilifikiri ukurasa huo unasomwa na yeye na mke wake. Kumbe unasomwa sana na wenye mahoteli na watu wanaotafuta mahali pa kujenga mahoteli.

Bosi wetu, kama mnavyojua, aling'oa kahawa akapanda nyasi, akachimba mashimo sita, akaita uwanja wa gofu. Nyasi zile zinanyweshwa asubuhi na jioni kwa mipira ya maji inayozunguka, na sisi huku Ganako tunapanga ndoo tukisubiri bomba likumbuke kukohoa. Siku ya ukaguzi alivaa suti. Mzee Mutiso alipiga magoti, akapapasa nyasi, akachomeka kidole ardhini, akaviringisha mpira, akaufuata kwa macho kama anayemfuata mwizi. Kisha akaandika.

"Nne," alisema.

Bosi akatabasamu mpaka masikioni. "Nne kati ya tano! Asante sana, mzee wangu."

"Kati ya kumi," alisema Mzee Mutiso, akafunga daftari.

Hapo nilimpenda. Nakiri kabisa, nilimpenda.

Loduare ya nani? Langoni hadi kingo za kreta

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Loliondo. Mzee alikuwa amesoma mahali kwamba zamani za ukoloni ofisa mmoja alikuwa na kiuwanja cha mashimo tisa huko, ng'ambo ya tambarare, na hakutaka kufunga orodha ya bara zima huku kimoja kimebaki. Nilimwambia kuwa nimekwenda Loliondo mara nyingi na gofu pekee niliyoiona ni vijana wakirusha mawe kwa rungu. Akaniambia, "Madam, kutoiona si ushahidi." Mwalimu ni mwalimu.

Langoni mwa hifadhi alinisahihisha kwanza jina la lango lenyewe. Mimi nilisema Loduare, yeye akasisitiza kwamba Lodwar iko Kenya na sisi tumeiiba tukaongeza herufi. Tulipokuwa tunabishana, nyani akaingia dirisha la nyuma akatoka na glavu yake ya gofu. Alikaa nayo juu ya ukuta akiinusa, akaona haina maana, akaitupa. Mzee alisema kuna uwanja mmoja kusini mwa bara ambako nyani wamefunzwa vibaya kuliko hao: huchukua mpira ukiwa bado unaviringika. Uwanja ule aliupa saba, na hao nyani wenyewe akawakata alama moja.

Tulipanda kingo za kreta katika ukungu ambao ungeweza kuukata kwa panga. Njiani alinitembeza bara lote. Kuna viwanja jangwani, alisema, ambako nyasi ni za kupaka rangi. Kuna nchi ambako lile eneo laini linalozunguka shimo, wao huliita grini, halina jani hata moja, ni mchanga uliomwagiwa oili chafu, na ukishapiga unavuta gunia kufuta nyayo zako. Kuna uwanja wenye bwawa na bwawa lina mamba, na kanuni zao zimeandikwa ubaoni kwamba mpira ukiangukia karibu na mamba unaruhusiwa kuchukua mwingine bila adhabu. "Ukarimu mkubwa," nilisema.

Pale wageni wote wanaposimama kutazama kreta hatukuona kitu. Mzee alisimama ukingoni kama robo saa akiangalia weupe. Ukungu ukafunguka ghafla, na chini kukatokea ile sahani yote na ziwa lake. Akaenda kutoa fimbo kwenye begi.

"Mpira mmoja tu," alisema.

"Mzee, huku hata kuokota jiwe ni kesi."

"Madam, hili ndilo shimo kubwa kuliko yote Afrika, na mimi nipite bila kupiga?"

"Na faru akiumeza, nani ataandika maelezo?"

Askari wa hifadhi alikuwa anakuja polepole akiwa na uso wa mtu aliyechelewa kula. Mzee akairudisha fimbo, akaandika kwenye daftari na kunionyesha: Mandhari, kumi. Ruhusa ya kucheza, sufuri.

Malanja hadi tambarare: boksi la chakula

Tulikula Malanja, kwenye bonde lile ambalo wakati huo, mwanzo wa kiangazi, majani yake yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya simba. Loji ilikuwa imetufungia boksi lile lile linalofungwa tangu nianze kazi: paja la kuku lililokauka likakata tamaa, yai la kuchemsha, keki isiyo na ladha, ndizi iliyokandamizwa na juisi. Mzee alilikagua, akala ndizi, akalipa alama mbili. Nikamwambia amependelea.

Kutoka hapo ni kushuka tambarare, na vumbi. Wageni wengi hukata kushoto kwenda Serengeti. Sisi tukashika njia ya Piyaya, ambayo ni barabara kwa watu wenye imani. Mzee alishika kishikio kwa mikono miwili na hakutoa alama yoyote.

Baada ya Piyaya: springi

Saa tisa alasiri springi ya nyuma ikakatika. Mlio wake kila dereva anaujua, na moyo nao unakatika hapo hapo. Nilishuka, nikalala chini ya gari, nikatoka nikiwa na habari mbaya na nywele zimejaa udongo. Simu haikuwa na mtandao. Kama hatua mia nne mbele kulikuwa na boma moja, nikalitambaza gari polepole mpaka kando yake.

Mwenye boma alikuwa mama mjane wa miaka kama sitini, Nolari. Nilimwamkia kwa Kimaasai changu cha kuokoteza, "Takwenya!" naye akaitika "Iko!" huku akiangalia gari lililoinama. Hakuuliza mengi. Alimwita mwanawe mkubwa, Saitoti, mwanamume mwenye watoto wake, aliyesoma mpaka kidato cha nne. Saitoti akatazama springi, akasema mjini Wasso inapatikana, kwenda na kurudi ni siku mbili kwa pikipiki. Asubuhi yake alifunga kipande kilichokatika mgongoni kiwe kipimo, akaondoka.

Nilijiandaa kuaibika kwa ajili ya chakula. Maziwa ya kule yanawekwa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto, yana harufu ya moshi, na wageni wangu wengi huyashika mkononi wakitabasamu mpaka yapoe, halafu huniangalia mimi. Mzee Mutiso alinusa kikombe, akanywa chote, akaomba kingine. Kikombe cha tatu akaniambia kwamba Ukambani bibi yake alikuwa na kibuyu hicho hicho, na kwamba hajaonja ladha ile tangu bibi alipozikwa. Alifuta miwani yake kwa muda mrefu. Nolari akaniuliza kama mzee ni mgonjwa. Nikasema hapana, amekumbuka nyumbani. Akamwongezea.

Mashimo matatu

Sasa nafika kwenye kosa langu, na naomba hapa msicheke.

Siku hiyo hiyo, Saitoti akiwa njiani, nilimkuta Mzee Mutiso amepiga magoti nyuma ya boma. Pale kulikuwa na eneo lililozungushiwa matawi ya miiba, na ndani yake nyasi fupi, nene, sawa kama zulia. Wenyewe wanaita olokeri. Ni malisho ya ndama peke yao, na ng'ombe wagonjwa. Wakati wa mvua linafungwa, ng'ombe wakubwa hawakanyagi, ili kiangazi kikikolea na kundi likienda mbali, ndama wanaobaki nyumbani wawe na kitu cha kula. Nolari alikuwa na ndama kumi na wawili mwaka huo, na walikuwa wameanza kuingizwa kidogo kidogo, saa chache kwa siku.

Mzee aliniangalia akiwa na uso wa mtu aliyeona malaika. "Madam. Hapa ndipo?"

Ningeweza kusema hapana. Neno dogo tu. Lakini mdomo wangu mnaujua.

"Ndipo, mzee. Hongera, umefika. Uwanja wa Loliondo wenyewe. Wahudumu wako ni ndama kumi na wawili, wanakata nyasi kila siku na mbolea wanaweka bure."

Nilidhani atacheka. Lakini mtu aliyesahihisha mitihani maisha yake yote hachekelei jibu, analikagua. Nikaenda zangu kuchota maji na akina mama, nikiwa nimejifurahisha.

Niliporudi alikuwa ameshavaa viatu vyeupe. Amechomeka vibendera vitatu vyekundu katikati ya olokeri, ameweka jichoni kile kifaa chake cha kupimia umbali, anaangalia kibendera kimoja baada ya kingine na kuandika. Akina mama niliokuwa nao wakasimama. Mmoja akatua dumu lake chini na maji yakamwagika, wala hakuliinua. Na mimi, baada ya miaka kumi na sita ya kupita katika nchi ile, ndipo nikaona walichokuwa wanaona: mtu mgeni, vijiti vyenye kitambaa, kifaa cha kupimia, daftari.

Nolari aliruka miiba bila kutafuta mlango. Aling'oa kibendera cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mzee alikuwa akimwambia, "Mama, taratibu, hiyo ni ya grini!" Akaja kwangu navyo vitatu mkononi.

"Wewe mama wa gari," alisema kwa Kiswahili, polepole. "Nimekupa maziwa. Umeniletea mpimaji?"

Tisa

Saitoti alirudi kesho yake alasiri, springi mgongoni, akakuta watu wa maboma matatu wamekaa wakituangalia. Springi ilikaa pale chini, hakuna aliyeigusa. Nilieleza yote, pamoja na mzaha wangu, na Saitoti akatafsiri bila kunilinda.

Mzee Mutiso alikuwa amechanganyikiwa kweli. "Mimi si mpimaji. Mimi ni mwalimu. Hili ni daftari tu."

"Hata wale walianza na daftari," alisema Saitoti. "Nilikuwa mdogo. Walikuja na vijiti vyenye kitambaa kama hivi, wakasema wanaangalia tu, tukawapa maziwa. Leo ng'ombe wetu wakivuka upande ule wanakamatwa."

Basi mzee, kwa nia njema kabisa, akafanya jambo baya zaidi. Aligeuza daftari akawaonyesha ukurasa. Kulikuwa na tisa kubwa, nyekundu, imezungushiwa duara.

"Angalieni," alisema kwa furaha. "Nimezunguka bara hili lote. Nimeona mashine za kukata nyasi, mabomba, mbolea za kuletwa kwa meli. Sijawahi kutoa tisa. Nyasi hizi ndizo bora kuliko zote nilizoona Afrika. Nikiweka hii mtandaoni na ramani, watu watakuja hapa. Mtapata wageni!"

Saitoti alitafsiri. Hakuna aliyepiga makofi.

"Mzee," nilisema, "futa."

"Siwezi."

"Si uwanja. Nilikuwa natania."

"Nimeshaelewa ulitania. Lakini mpira ulikwenda sawasawa, na mimi nilikagua nyasi, sikukagua utani wako. Wazazi waliwahi kunijia nyumbani na jogoo nibadilishe alama ya mtoto wao. Walirudi na jogoo wao."

"Hapa hakuna jogoo, mzee. Wakija hao wenye mahoteli wanaosoma ukurasa wako, mama huyu atalishia wapi?"

Alikuwa ameshaanza kuona. Niliona usoni mwake. Lakini kuna watu ambao unyoofu wao umeshakuwa mfupa, huwezi kuukunja bila kuuvunja. Akasema kwa unyonge, "Alama ni ya nyasi. Nyasi zikiwa hivi, nitaandika hivi."

Nolari aliuliza amesema nini. Saitoti akamwambia. Akataka arudie. Kisha akamgeukia mzee mwenyewe.

"Na zikiwa vingine?"

"Nitaandika vingine, mama. Nitalazimika kukagua upya."

Nolari akainuka.

Mlango wa miiba

Kundi lilikuwa linarudi kutoka majini. Alikwenda kwenye lile tawi kubwa la miiba linaloziba mlango wa olokeri, akalishika kwa mikono yake, akaliburuta pembeni. Saitoti alimfuata. "Yeyo, mama yangu, kiangazi ndiyo kwanza kimeanza!" Aliniambia baadaye kwamba hata mwaka wa ukame mkubwa, ng'ombe walipokuwa wanaanguka, mama yake hakufungua ule mlango kwa ng'ombe mkubwa hata mmoja.

Na ng'ombe hawakuingia. Walifika mlangoni wakasimama, wakainamisha vichwa, wakaangalia nyasi, wakarudi nyuma. Tangu wakue walikuwa wakichapwa kila wakisogelea pale. Walikuwa na adabu. Ikabidi Nolari asimame ndani na kuwaita, mmoja mmoja, kwa majina yao. Aliita kwa sauti ile ile ya kuwakamulia. Yule wa kwanza aliingia akimwangalia usoni, kama anauliza ana uhakika. Halafu wakaingia wote, wakasukumana, wakajipangusa kwenye gari langu lililosimama hapo kando. Hicho ndicho kinyesi mlichokiona.

Nililia. Nilikuwa nimekuja na vichekesho vyangu vyote na hakuna kilichofaa hata kimoja.

Asubuhi hapakuwa na zulia. Palikuwa na udongo uliochimbwa na kwato, visiki vya nyasi na kinyesi. Mzee Mutiso alivaa viatu vyake vyeupe, akaingia. Hakuruka kinyesi. Alipiga magoti pale pale alipopiga mwanzo, akapapasa, akachomeka kidole, akaweka mpira chini akausukuma. Ulikwenda hatua moja ukanasa. Alitoa kalamu, akakata ile tisa kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika, akamwendea Nolari aliyekuwa amesimama mlangoni. Akavua kofia.

"Nimekagua upya, mama. Sufuri."

"Ashe," alisema Nolari. Asante.

Kurudi

Springi tuliifunga asubuhi hiyo, lakini hatukuondoka. Mzee alinitaka niende naye Wasso, na siku nzima tulibeba mabua ya mahindi ya kulisha ndama kwenye gari la watalii, safari mbili, mpaka juu ya viti. Fimbo zake za gofu zilikaa chini ya mabua. Hiyo ndiyo siku ya tatu, jirani yangu, uliyoiulizia.

Kisha tukaanza kurudi. Tulipoanza kupanda kutoka tambarare aliuliza, "Yale mabua yatawatosha mpaka lini?"

"Mwezi. Labda mwezi na nusu, wakiyabana."

"Na mvua?"

Nikamwambia mvua ni mbali zaidi ya hapo, na hata yeye anajua hesabu.

Orodha yake imetoka. Bosi ameandikisha "Alama 4" kwenye kibao cha barabarani, bila kusema kati ya ngapi. Loliondo ina sufuri, na chini yake mzee ameandika kwamba hakuna uwanja, hakuna njia, na hapafai kwa mchezo wa aina yoyote.

Wiki iliyopita Saitoti alinipigia. Mvua imenyesha. Olokeri imeanza kuota tena. Kati ya ndama kumi na wawili wamekufa watano. Nikasema pole, ikasikika ndogo. Nolari akachukua simu.

"Watano ni wengi," alisema. "Lakini mahali pao papo. Wewe usimwambie mtu."

Na mimi nimewaambia ninyi wote, kwa kirefu, kwa sababu hamkuniacha nipumzike. Kwa hiyo wenye kuijua barabara ile mtakuwa mmeshaona kwamba kuna mahali haya maelezo hayalingani. Springi haikukatika baada ya Piyaya. Mama yule haitwi Nolari, na mabua hayakutoka Wasso. Akija mtu na fimbo za gofu, au na vijiti vyenye kitambaa, akawauliza njia, msomeeni haya yote kwa sauti, neno kwa neno. Atapotea vizuri.